Matumbawe ya Kivulini Tangini: Dalili, Sababu na Namna ya Kuyaokoa

Mwongozo huu unahusu matumbawe yasiyotumia usanisinuru, yaani yale ambayo hayana vijimwani ndani ya nyama yake na kwa hiyo hayapati chakula chochote kutokana na mwanga. Baharini huishi mapangoni, chini ya miamba iliyojitokeza na kwenye mbavu za meli zilizozama, mahali ambapo mkondo hauishi kuleta windo. Tangini hakuna mkondo huo wala windo hilo mpaka mfugaji avilete mwenyewe. Matatizo yanayoelezwa na wafugaji wa Mombasa hujirudia, na karibu yote hutoka katika mambo mawili: ama tumbawe halili, ama chakula kinacholetwa kwa ajili yake kinaozea majini. Joto letu huyaharakisha yote mawili. Ndiyo maana katika kila dalili iliyo hapa chini, swali la kwanza ni kama tumbawe limekula, na la pili ni chakula kilichobaki kilikwenda wapi. Dawa huja mbali baada ya hapo.

Kabla ya kutibu chochote, pima maji na uandike vipimo daftarini pamoja na tarehe. Joto linalofaa ni nyuzi 24 hadi 27. Uzito wa maji ya chumvi ukilinganishwa na maji matamu uwe 1.025 au 1.026. Amonia iwe sifuri, naitreti isizidi miligramu 20 kwa lita, na fosfeti iwe kati ya miligramu 0.03 na 0.1 kwa lita. Alikalini, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, unaopimwa kwa dKH, ikae dKH 8 au 9, kalsiamu miligramu 400 hadi 450, na magnesiamu miligramu 1250 hadi 1350. Ukikuta vipimo viwili vimeharibika, usivirekebishe vyote siku moja, kwa sababu badiliko la ghafla huumiza kuliko kosa lililozoeleka. Amonia pekee ndiyo haingojewi.

Polipi hazifunguki

Polipi ni vijiumbe vyenye mdomo na minyiri ambavyo kwa pamoja hufanya tumbawe. Hili ndilo lalamiko linalosikika kuliko yote, hasa kwa wenye Tubastraea, tumbawe gumu la rangi ya chungwa au manjano, na mara nyingi si ugonjwa. Sababu ya kawaida ni kwamba tumbawe ni geni. Limesafiri ndani ya mfuko, limebadilishiwa maji na joto, na linaweza kukaa limefumba kwa siku kadhaa, pengine wiki mbili, kabla ya kutoa minyiri. Likague kwa macho tu. Ikiwa nyama bado ina rangi yake ya chungwa au ya manjano kote, imeshikamana na kiunzi na haina harufu mbaya, una nafasi ya kungoja, ila usingoje bila kulisha.

Sababu inayofuata ni saa. Matumbawe haya ni ya usiku, na mtu anayeyaangalia saa saba mchana huku taa zikiwaka atayakuta yamelala. Zima taa za tangi, ngoja hadi saa tatu usiku, kisha angalia kwa tochi uliyoifunika plastiki nyekundu. Wengi wanaodhani tumbawe lao linakufa hulikuta limechanua wakati huo.

Ya tatu ni kwamba hakuna kilicholiita. Polipi hufunguka inapohisi harufu ya chakula majini, na tangi lililochujwa vizuri mno halina harufu hiyo. Hapa ndipo kazi ya kweli ilipo, na inafaa ifanywe kwa utaratibu. Chukua chupa tupu ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, uikate katikati, ubakize upande wa shingo na utoe kifuniko. Zima pampu zote, kisha ulifunike tumbawe kwa nusu hiyo ya chupa. Saga kamba mbichi kidogo ndani ya kikombe cha maji ya tangi, uchuje maji yake, uyavute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, linalopatikana katika duka lolote la dawa, na uyasukume taratibu kupitia shingo ya chupa. Subiri dakika 20 hadi 30. Minyiri ikianza kuchomoza, ingiza vipande vidogo vya kamba au artemia (vijikamba vidogo sana vya kulishia) moja kwa moja juu ya polipi, kidogo kidogo, bila kuzigusa kwa ncha ya bomba. Baada ya robo saa nyingine nyonya mabaki yote kwa bomba lilelile, ondoa chupa na uwashe pampu. Weka kengele ya simu ikukumbushe kuziwasha, kwa maana pampu iliyosahaulika usiku kucha imeua matangi mengi kuliko njaa.

Rudia kila usiku kwa saa ileile. Tumbawe hujifunza saa. Kwa kawaida polipi chache hutangulia, nyingine hufuata katika siku zinazokuja, na hatimaye hufunguka zenyewe muda mfupi kabla ya kulishwa. Likishazoea, sogeza saa nyuma kidogo kidogo hadi ifike wakati unaokufaa, kwa mfano baada ya magharibi, badala ya kukesha.

Ikiwa hatua hizo hazijazaa matunda, angalia mkondo. Polipi zinazopigwa na pampu ya karibu hujifunga au hulala upande mmoja daima, na zile zilizo kwenye kona tulivu hufunikwa na vumbi la mabaki. Tumbawe likae chini ya kivuli cha mwamba, uso wake ukiinama kidogo ili uchafu usitue juu yake, mahali ambapo maji yanapita kwa nguvu ya wastani na kubadilisha mwelekeo. Lisiwekwe mchangani. Mwanga haulidhuru, lakini haulisaidii, na huotesha mwani juu yake.

Usijaribu kamwe kuibandua polipi iliyofumba kwa kibano ili kuilisha kwa nguvu. Ikiwa wiki tatu zimepita, umelisha kila usiku, na nyama imekonda hadi kingo za kiunzi zinaonekana chini yake, tatizo si la kutofunguka tena, na maelezo yanayofuata ndiyo yanayohusika.

Nyama inarudi nyuma na kiunzi cheupe kinaonekana

Mara nyingi kabisa hii ni njaa. Huanzia katika nyama nyembamba inayounganisha polipi na polipi, kisha hushuka upande wa chini, ambako mfugaji haangalii. Polipi zenyewe huweza kuonekana zimenenepa wakati sehemu za katikati zimekwisha kuwa chokaa tupu. Hesabu polipi zinazolishwa kweli, si zile zilizoko. Usidhani polipi ya mbele iliyoshiba itailisha ile ya nyuma. Kila moja ipewe tonge lake. Tumbawe lenye afya linaweza kulishwa mara tatu kwa juma, lakini lililokonda lilishwe kila siku hadi nyama ianze kufunika chokaa upya. Na hufunika, mradi polipi bado ziko hai. Hilo ni jambo la kutia moyo kwa Tubastraea: tumbawe lililobaki na polipi nne au tano linaweza kurudi katika hali yake likipata mlishaji mvumilivu.

Chokaa iliyo wazi haikai wazi muda mrefu. Mwani hushika mahali hapo, nao huzuia nyama kurudi. Uondoe kwa mswaki laini wakati wa kubadilisha maji, ndani ya ndoo ya maji ya tangi, bila kugusa nyama iliyo hai, kisha upunguze saa za taa. Sababu ya tatu ni alikalini iliyoshuka. Matumbawe haya hayatumii mwanga, lakini yanajenga kiunzi cha chokaa kama mengine, na maji yaliyo chini ya dKH 7 huyapunguzia nguvu. Pandisha kwa sodiamu baikaboneti iliyoyeyushwa kwanza katika maji safi, wala usizidishe dKH 1 kwa siku.

Kuna pia majeraha ya safari na ya kuangushwa, ambayo hutambulika kwa kuwa yako mahali pamoja na hayaenei. Yakiachwa katika maji safi hupona. Lakini nyama inayogeuka kuwa ute wa kahawia, inayonuka, na inayoenea kwa saa badala ya siku, ni uozo wa bakteria. Litoe tumbawe, uliweke katika chombo cha peke yake chenye maji ya tangi na jiwe la hewa, na uliogeshe kwa dawa ya iodini ya matumbawe kwa kipimo na muda uliochapishwa kwenye chupa. Sehemu iliyokufa inaweza kukatwa ili kuokoa iliyobaki.

Hapa kuna onyo lisilopuuzwa. Jiwe ambalo tumbawe limekaa juu yake huweza kuwa limeota Palythoa, viumbe wanaofanana na vitufe vya kahawia vilivyojipanga kama zulia. Baadhi yao wana palitoksini, sumu kali sana. Usilichemshe jiwe hilo, usilikwangue, usilimwagie maji ya moto na usilikate kwa mashine, kwa sababu mvuke na vumbi lake vimewalaza watu hospitalini. Ukiwa umekwisha kufanya hivyo na ukasikia kifua kinabana, ladha ya chuma mdomoni, homa au misuli kulegea, toka chumbani pamoja na wote waliomo, nenda hospitali mara moja, na umtajie daktari jina la sumu hiyo.

Chakula kinakamatwa kisha kinatemwa, au hakionekani kilipokwenda

Kipande kikubwa ndicho kisababishi cha kawaida. Polipi yenye tamaa hukubali kipande kinachokaribia ukubwa wake, hukishikilia kwa saa nzima, kisha hukitema kikiwa kimeanza kuoza. Kata vipande vya milimita mbili hadi tano.

Wezi hufuata. Kamba wa kusafisha, kaa wa magamba na samaki wadogo hujifunza saa ya kulisha haraka kuliko matumbawe, na kamba huweza kuingiza mguu mdomoni mwa polipi na kutoa tonge lililokwisha kumezwa. Polipi huchanika kwa vurugu hiyo. Walishe wao kwanza upande wa pili wa tangi, kisha utumie chupa iliyokatwa iliyoelezwa hapo juu, ukiiacha mahali pake hadi midomo yote ifumbe. Kamba asiyekubali mipaka ahamishwe. Sioni njia ya upole zaidi.

Kisha kuna chakula chenyewe. Kamba wa barafu waliopakiwa viwandani mara nyingi wametiwa fosfeti ili washike maji, na ukiwatumia kila usiku utakuja kushangaa mwani unatoka wapi. Kamba na ngisi wabichi kutoka kwa mvuvi ni bora, wakikatwa, wakioshwa, wakagandishwa katika vifurushi vidogo vya kutosha usiku mmoja, na kuyeyushwa ndani ya kikombe ambacho maji yake yanamwagwa. Mayai madogo ya samaki hupendwa na karibu kila tumbawe la jamii hii. Uduvi mkavu wa Marikiti, pamoja na bei yake ya kuvutia, huja na mchanga, huelea na kuchafua maji, na unastahili mchuzi kuliko tangi. Nyama yenye mafuta kama ya ng'ombe au kuku isitumike kabisa.

Maji yananuka, mwani unaenea, utando mwekundu unafunika mchanga

Huu ndio upande wa pili wa kulisha sana. Jambo la kwanza kukagua si kifaa bali mabaki: nyuma ya miamba, ndani ya sifongo za kichujio, na chini ya tumbawe lenyewe. Nyonya kwa mpira mwembamba wakati wa kubadilisha maji, na osha sifongo kila baada ya siku mbili au tatu. Sifongo iliyosahaulika ni kiwanda cha naitreti.

Kisha angalia skima, kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu. Mafuta ya chakula huvunja povu lake au hulifurisha, kwa hiyo wengi huizima wakati wa kulisha na kusahau kuiwasha, kosa lilelile la pampu. Kwa tangi la matumbawe ya kivulini chagua skima iliyokusudiwa tangi kubwa kuliko lako, na uoshe kikombe chake kila siku. Badilisha asilimia 10 hadi 20 ya maji kila wiki. Ikiwa fosfeti bado iko juu, tumia chembe za oksidi ya chuma zinazoinasa, ukianza na nusu ya kipimo, maana kuishusha ghafla huyadhuru matumbawe kuliko kuiacha juu kidogo.

Maji ya kubadilishia yanastahili kuangaliwa kwa jicho la peke yake katika mji huu. Maji ya visima vya kisiwani mara nyingi yana chumvi na naitreti, na maji ya mfereji huwa na klorini. Yote yapitishwe katika mtambo wa kuchuja kabla ya kuchanganywa na chumvi ya tangi au kutumiwa kufidia yaliyokauka. Wanaoteka maji ya bahari wasiteke karibu na bandari ya Kilindini wala katika hori la Tudor, ambako mafuta na maji taka hayakosekani. Teka upande wa bahari wazi maji yanapojaa, chuja kwa kitambaa safi, na upime chumvi kabla ya kutumia. Wakati wa masika acha kabisa. Mito huteremsha tope, na chumvi ya maji ya pwani hushuka kwa namna ambayo macho hayaioni.

Utando mwekundu ni sianobakteria, na hupenda mahali ambapo maji hayatembei. Unyonye, ongeza mkondo hapo, punguza mwanga. Vidonge vya antibayotiki vinavyouzwa kama tiba yake huweza kuua pia bakteria wanaokula amonia ndani ya kichujio, na baada ya siku mbili tatizo dogo linakuwa msiba. Vilevile usichimbue mchanga mzito uliogeuka mweusi na kunuka kama yai viza: gesi iliyonaswa humo ni sumu kwa kila kilichomo tangini. Tangi la namna hiyo hupunguzwa mchanga kidogo kidogo katika wiki kadhaa.

Tumbawe lote limejifunga kwa ghafla, na wakazi wengine nao hawako sawa

Pima joto kwanza. Mwishoni mwa kaskazi, hasa Februari hadi Aprili, tangi lililo katika chumba kisicho na kiyoyozi hufika nyuzi 30 na kuzidi, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo wakati viumbe vinahitaji zaidi. Feni inayopuliza juu ya maji hupoza kwa kuyakausha, lakini hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, hivyo feni haifiki mbali kama vitabu vilivyoandikiwa nchi kavu vinavyoahidi. Pia huongeza chumvi. Fidia kila siku kwa maji matamu yaliyochujwa, kamwe si kwa maji ya chumvi. Kipoza maji ni ghali, na hutoa joto lake chumbani, kwa hiyo kiwekwe penye dirisha. Kwa dharura, elea chupa za maji yaliyogandishwa, moja baada ya nyingine, ili joto lishuke polepole.

Umeme kukatika huja katika nafasi ya pili. Kinachoua haraka si kukosa taa wala chakula, ni kukosa hewa. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri na inayowaka yenyewe umeme unapopotea ndiyo kifaa ambacho ningekinunua kabla ya taa yoyote ya fahari. Usilishe wakati umeme umekatika. Ukirudi baada ya saa nyingi, badilisha asilimia 20 hadi 30 ya maji, pima amonia, na ufunge jiko la tumbawe hadi kesho yake.

Ya tatu ni sumu ya hewani, na hapa nyumba nyingi hujikwaa. Dawa za kupulizia mbu na mende huwa na pairethroidi, ambazo ni hatari kwa samaki na zaidi kwa kamba na jamaa zake. Pampu ya hewa na skima hufyonza hewa ya chumba na kuipeleka majini. Rangi mpya ya ukuta na dawa za kupulizia kunguni hufuata njia hiyohiyo. Fungua madirisha, ondoa chanzo, badilisha maji kwa wingi na utumie mkaa amilifu wa kuchujia, si mkaa wa jikoni.

Kama umetibu samaki kwa dawa yenye shaba ndani ya tangi hilohilo, umepata jibu lako. Hamisha matumbawe siku hiyo. Shaba hunasa katika miamba na mchanga na kurudi majini polepole, na tangi hilo lisitumike tena kwa matumbawe mpaka kipimo cha shaba kisome sifuri mara kwa mara.

Konokono wa manjano, na koa asiyeonekana

Polipi zikipungua moja moja bila sababu, chunguza usiku kwa kioo cha kukuzia. Epitonium billeeanum ni konokono mdogo wa manjano anayekula Tubastraea na kutaga mayai ya rangi ileile juu yake. Phestilla melanobrachia ni koa wa baharini anayechukua rangi ya tumbawe analolila, kwa hiyo unaweza kumtazama usimwone. Mtoe kwa kibano, kwangua mayai yote, na urudie ukaguzi kwa wiki kadhaa, maana mayai hukosekana machoni. Maogesho ya dawa hayaui mayai, na ni afadhali tumbawe jipya likae karantini kuliko kutegemea dawa.

Dendronephthya imenywea na haivimbi tena

Matumbawe haya laini, yenye rangi zinazowatoa watu pesa mifukoni, hujipunguza na kujivimbisha kwa kutoa na kuingiza maji, na kunywea kwa saa chache si kosa. Kunywea kwa siku kadhaa mfululizo, shina likififia na vijiti vya chokaa kuonekana ndani yake, ni njaa. Katika mwaka 1995 Fabricius, Benayahu na Genin walionyesha kwamba Dendronephthya ya Bahari ya Shamu huishi hasa kwa planktoni ya mimea, vijidudu vidogo mno kwa kipande cha kamba kuwa na maana yoyote. Chakula chake hakina budi kuwapo majini usiku na mchana: mwani hai wa aina kama Isochrysis na Nannochloropsis, ukidondoshwa na pampu ya dozi, huku mkondo mkali ukipita na kichujio kikishughulikia mabaki. Waliofanikiwa ni wachache na mitambo yao ni mikubwa. Ushauri wangu ni usilinunue. Kama tayari unalo, geuza mkondo, anzisha mwani hai, na usubiri wiki chache. Likianza kuoza shinani, litoe kabla halijaharibu maji ya wengine.

Vitone vya chungwa kwenye kioo

Hivi si tatizo. Tubastraea huachia viluwiluwi vinavyotulia na kuwa polipi mpya, wakati mwingine kwa shibe na wakati mwingine kwa dhiki, kwa hiyo mwangalie mama. Vilishe kwa artemia wachanga. Visimwagwe baharini, wala maji yake: Tubastraea coccinea iliyosafirishwa na binadamu imevamia pwani za Brazil na Ghuba ya Meksiko. Vilevile usiling'oe tumbawe lolote baharini ili kulifuga. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa CITES, na hifadhi za bahari za Kenya ziko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ambalo ndilo la kuulizwa kuhusu vibali. Omba kipande kwa mfugaji mwenzako aliyekwisha kuligawa lake.

Wakati wa kuacha na kuita fundi au daktari

Ukihisi mtekenyo wa umeme unapotia mkono majini, hata mdogo, toa mkono, zima swichi kuu ya nyumba na usichomoe chochote kwa mkono uliolowa. Kazi iliyobaki ni ya fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati. Mwombe aweke pia kifaa kinachokata umeme unapovuja, na ahakikishe kila waya unashuka chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lisiifikie.

Kioo kinachovuja kwenye maungio hakizibwi kwa gundi huku maji yamo. Punguza maji hadi chini ya ufa, hamisha viumbe, na umwite fundi wa vioo. Tangi la lita 300 lina uzito wa zaidi ya kilo 300, na halifai kuinuliwa likiwa na maji hata nusu.

Mikono nayo ina mipaka yake. Usifanye kazi tangini ukiwa na kidonda kibichi, na vaa glavu unapokata au kukagua miamba yenye minyoo ya manyoya. Kivimbe chekundu au kidonda cha kidole kisichopona kwa wiki kadhaa kinaweza kuwa Mycobacterium marinum, bakteria anayeishi katika maji ya samaki na asiyesikia dawa za kawaida za vidonda. Mwambie daktari kwamba unafuga viumbe vya bahari, kwani asipojua hilo hataomba kipimo kinachohitajika.